Kumweleza Mtoto Mdogo Chakula cha Kiwandani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nafundisha chekechea Tanga. Kila muhula wazazi wananisimamisha langoni, asubuhi wakileta watoto au mchana wakija kuwachukua, na maswali ni yaleyale. Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu ninayotoa. Ni kwa ajili ya watoto wa miaka 3 hadi 8 hivi. Walio chini ya miaka 2 wana swali lao huko chini.

Mtoto wa miaka minne nimwambieje maana ya "kusindika"?

Neno lenyewe liache kwanza. Mwambie, "Chakula hiki kimefanyiwa kazi." Hilo analielewa mara moja, maana kazi ya chakula anaiona kila siku: mama anakuna nazi na kuchuja tui, dada anapepeta mchele, jirani anaanika dagaa. Akishalizoea wazo hilo, kila mkishika chakula mnaulizana mambo mawili tu: nani amekifanyia kazi, na ametia nini ndani?

Kwa embe jibu ni fupi. Kwa boflo linarefuka kidogo: mkulima wa ngano, kinu, mwokaji, hamira, chumvi, sukari. Kwa pakiti ya kripsi zenye ladha ya kuku jibu linakuwa refu sana, na mtoto atauona urefu huo kabla hujamwambia lolote. Mtoto mmoja darasani aliniuliza, "Mwalimu, kuku yuko wapi humu?" Tuliitafuta kuku kwenye orodha ya viambato, hatukuiona. Sikuwa na haja ya kuongeza neno.

"Kusindika" atalipata akifika miaka sita au saba. Ni neno lenye asili ya kazi ya mikono: wazee wa pwani walisindika, au walishindika, ufuta, yaani walikamua mafuta yake, kwa kinu kilichozungushwa na ngamia. Watoto wanaipenda sana habari ya huyo ngamia.

Kwa hiyo kila kilichosindikwa ni kibaya?

Hapana, na nakuomba usimfundishe mtoto hivyo. Tazama muhogo mchungu. Ukiuchimba na kuupika hivihivi unadhuru, kwa sababu una chembe zinazotoa sianidi. Bibi zetu waliuloweka, wakauvundika, wakauanika, wakapata udaga na makopa. Pale ambapo njaa au haraka iliwafanya watu wafupishe kazi hiyo, ulizuka ugonjwa wa konzo, unaopoozesha miguu. Umetokea Kongo, umetokea Msumbiji, na hapa kwetu pia katika mikoa ya Mara na Mtwara. Kwa muhogo huo, kusindika ndiko kunakoufanya uwe chakula.

Chumvi nayo huongezwa madini joto kiwandani, na ndiyo sababu rovu shingoni, lililokuwa jambo la kawaida katika nyanda za juu, limepungua sana. Maziwa yakipashwa moto wa nyuzi 72 kwa sekunde 15 vijidudu vya kifua kikuu cha ng'ombe na vya brusela, homa inayotoka kwa mifugo, hufa. Hiyo yote ni kazi njema.

Wasiwasi uko mahali pengine. Mwaka 2009 Carlos Monteiro, wa Chuo Kikuu cha São Paulo, Brazili, alipendekeza vyakula vipangwe kwa kadiri ya kazi vilivyofanyiwa na sababu ya kazi hiyo. Mpangilio huo unaitwa NOVA na una makundi manne. La kwanza ni vyakula vilivyo karibu na asili yake: maharage, mayai, matunda, dona, maziwa, dagaa walioanikwa bila chumvi. La pili ni vitu vya kupikia, kama mafuta, sukari na chumvi. La tatu ni la kwanza likikutana na la pili: ng'onda, jibini, samaki wa kopo, mkate wa kawaida wa tanuri. La nne ni vile vinavyoundwa kiwandani kwa vitu ambavyo humkuti mtu navyo jikoni, kama vile ladha bandia, rangi, viongeza utamu, vitu vya kushikanisha maji na mafuta. Humo mna soda, pipi, kripsi zenye ladha, soseji nyingi na tambi za pakiti.

Mwaka 2019 Kevin Hall na wenzake wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani waliwalaza watu wazima 20 katika kituo chao kwa mwezi mmoja. Wiki mbili walipewa vyakula vya kundi la nne, wiki mbili vya kundi la kwanza, na kila mmoja aliruhusiwa kula atakavyo. Sukari, chumvi, mafuta na nyuzinyuzi vilisawazishwa kati ya milo hiyo. Walipokuwa kwenye vyakula vya kundi la nne walikula takriban kalori 500 zaidi kwa siku, na uzito wao ukapanda. Walikula pia kwa kasi zaidi. Hili la kasi naliona kwa macho yangu wakati wa mapumziko: mtoto mwenye pakiti anamaliza kabla mwenye muhogo wa kuchemsha hajafika nusu.

Lakini kundi la nne ni pana mno. Ndani yake mna soda, na mna pia mkate wa pakiti wa ngano isiyokobolewa. Mimi silitumii kama hukumu. Nalitumia kumjua mgeni kabla ya kumkaribisha mezani kila siku.

Nianzie wapi?

Anzia mashineni. Mpeleke mtoto kwenye mashine ya kukoboa na kusaga mahindi, hata kama unga mnanunua dukani. Ni darasa zuri kuliko kitabu chochote nilicho nacho.

Mwombe mwenye mashine akuonyesheni mambo matatu. Kwanza, punje nzima ya hindi. Ikate kwa kisu, mtoto aone ganda nje, sehemu nyeupe ya wanga, na kile kiini kidogo chini ambacho ndicho kingekuwa mche. Pili, unga wa dona, uliosagwa na kila kitu chake. Tatu, sembe, ambayo mahindi yake yalikobolewa kwanza, ganda na kiini vikaondolewa. Halafu muulize, "Vilivyoondolewa viko wapi?" Ataliona gunia la pumba. "Pumba zinakwenda wapi?" Watoto wengi hapa wanajua: kwa kuku na ng'ombe.

Sasa mweleze kwamba ndani ya ganda na kiini mna nyuzinyuzi, vitamini za kundi B, madini na mafuta kidogo. Kwa hiyo kuku anakula sehemu nzuri ya mahindi yetu. Mtoto akicheka, ameelewa.

Usiishie hapo, kwa sababu ataona kama watu wanaokoboa ni wajinga, na si kweli. Kiini kina mafuta, na mafuta hayo huchacha. Dona ikikaa wiki kadhaa kwenye joto la Tanga inaanza kunuka, wakati sembe inasubiri miezi. Duka linalotaka unga ukae rafuni muda mrefu lina sababu ya kupenda sembe. Wekeni vikombe viwili, kimoja cha dona, kingine cha sembe, mvinuse kila Jumamosi. Hapo mtoto wa miaka mitano atakuwa ameelewa jambo kubwa katika biashara ya chakula: mara nyingi kitu huondolewa, au huongezwa, ili chakula kikae.

Kisha kuna kurudishia. Tanzania ilitunga kanuni za kuongeza virutubishi kwenye vyakula mwaka 2011, na Kenya ikafuata sheria kama hiyo mwaka 2012. Unga wa viwanda vikubwa huongezwa madini chuma, zinki na asidi ya foliki, ile inayosaidia kuzuia watoto kuzaliwa na mgongo wazi. Kwa mtoto nasema, "Kiwanda kimetoa baadhi ya vitu vizuri, kisha kimerudisha baadhi." Nyuzinyuzi hazirudi.

Mwanangu anauliza: ubuyu ni tunda au pipi?

Swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa. Lijibuni kwa vitendo.

Tafuta buyu zima sokoni. Lipasueni nje, kwa jiwe, mtoto ndiye apige. Ndani mna mbegu zilizofunikwa unga mkavu mweupe, mchachu, wenye vitamini C nyingi, umeshikwa na nyuzi nyekundunyekundu. Alambe. Kisha weka pembeni ule ubuyu mwekundu wa kwenye kifuko, uliochemshwa kwa sukari, ukatiwa rangi, iliki, vanila, na wengine hutia pilipili. Aule nao. Halafu mpe kioo atazame ulimi wake.

Sasa muulize yale mawili: nani ameufanyia kazi, na ametia nini? Atasema sukari, atasema rangi. Atasema pia kwamba bado mna mbegu za buyu. Basi jibu ni kwamba ulikuwa tunda, ukafanywa pipi, na tunda bado limo kidogo. Mwache akae na jibu hilo hata kama halijanyooka. Na kwa kuwa ubuyu mwingi unapikwa majumbani, na akina mama wa mitaani kwetu, mtoto anajua pia kwamba si kiwanda peke yake kinachotia sukari na rangi.

Juisi ya boksi si matunda tu?

Panga mezani vitu vinne: embe, embe lililosagwa bila kuchujwa, juisi ya embe iliyochujwa, na kinywaji cha boksi "chenye ladha ya embe". Mtoto aonje kwa mpangilio huo. Kila hatua kitu kinatoweka, kwanza kutafuna, kisha nyuzinyuzi, mwishoni pengine embe lenyewe. Kwenye boksi tafuteni asilimia ya tunda, na maji yameandikwa nafasi ya ngapi.

Fanyeni pia hesabu ya machungwa. Mwambie ale machungwa kadiri awezavyo. Huenda akaishia moja, au mawili. Kisha kamueni glasi moja, mhesabu yamekwenda machungwa matatu au manne, na glasi hiyo anaimaliza kwa mikupuo michache. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linaihesabu sukari ya juisi pamoja na sukari ya kuongezwa, hata ikiwa umekamua mwenyewe nyumbani. Wazazi wengi wanashtuka wakisikia hivi. Kikombe kidogo pamoja na chakula hakina ubaya, ila kiu ikatwe kwa maji.

Unga wa juisi wa vipakiti, ule watoto wanaolamba kiganjani, ni sukari au viongeza utamu, asidi, rangi na ladha. Tunda halimo.

Nimwambie ni sumu ili aogope?

Usithubutu. Nilikuwa na mtoto wa miaka mitano aliyeambiwa nyumbani kwamba soseji ni sumu. Siku moja rafiki yake akaja na soseji kwenye hotipoti. Yule mtoto alilia kwa kwikwi, akijua mwenzake atakufa mchana ule. Ilichukua muda mrefu kumtuliza, na siku iliyofuata alipomwona rafiki yake mzima alikuja kuniuliza kwa nini mama yake alimdanganya.

Watoto wa umri huu wanachukua neno kama lilivyo. Sumu ni kitu kilichofungiwa kabatini, chenye picha ya fuvu. Neno hilo liache lifanye kazi yake ya kuwalinda na mafuta ya taa na dawa ya panya. Kwa chakula sema "cha kila siku" na "cha mara mojamoja". Au sema kinachofanya: "Hiki kinakushibisha mpaka mchana. Hiki kinakupa utamu, halafu njaa inarudi upesi."

Sukari kiasi gani ni nyingi?

Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri sukari ya kuongezwa na ya juisi isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Chama cha Moyo cha Marekani kinashauri watoto wa miaka 2 hadi 18 wasizidi gramu 25 kwa siku. Kijiko cha chai kilichosawazishwa kina gramu 4 hivi, kwa hiyo ni vijiko sita.

Kwa mtoto namba hizo ni upepo. Chukua glasi ya maji na bakuli la sukari. Kola ya kawaida ina takriban gramu 10.6 katika kila mililita 100. Chupa ya mililita 350 ni gramu 37, karibu vijiko tisa. Mtoto atie mwenyewe akihesabu kwa sauti. Akifika kijiko cha tano huwa anasimama na kukutazama kama kuna makosa. Mwambie aendelee. Mwishoni mpe aonje kwa ncha ya kijiko. Mweleze kwamba kwenye soda asidi na gesi vinauficha utamu, ndiyo maana hausikii hivyo.

Habari ya meno waielewa vizuri pia: vijidudu vya mdomoni vinakula sukari, vinatoa asidi, asidi inatoboa jino. Kila akinyonya pipi vinapata karamu. Pipi moja inayonyonywa taratibu kwa saa nzima ina kazi mbaya kuliko biskuti iliyoliwa na kwisha.

Na soseji?

Mwonyeshe kipande cha nyama chenye mfupa, kisha soseji. Nyama imesagwa na mafuta, chumvi na viungo, ikatiwa na nitraiti, ambayo inaipa rangi ya waridi na kuzuia bakteria hatari. Mwaka 2015 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka nyama iliyosindikwa katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, hasa ya utumbo mpana. Kundi hilo linasema ushahidi una nguvu kiasi gani. Sigara nayo imo humo, lakini haina maana kwamba soseji moja ni sawa na sigara. Hayo ni yako wewe mzazi. Mtoto anatosheka na "nyama ya mara mojamoja".

Jambo moja la haraka na la lazima: kwa mtoto chini ya miaka minne usiikate soseji mviringo kama vifungo. Ipasue kwa urefu, kisha vipande vidogo. Kipande cha mviringo kinaziba koo. Karanga nzima na bisi vilevile.

Tambi za pakiti hataki kuziacha. Nifanyeje?

Msimulie zilikotoka. Mwaka 1958 Momofuku Ando, huko Japani, alitafuta namna ya kuzikausha tambi zilizopikwa ili ziive tena kwa maji ya moto tu, akaona zikikaangwa kwenye mafuta maji yote hutoka na kuacha vitundu. Mtoto akijua kwamba zilikwisha kupikwa na kukaangwa kabla hazijafika jikoni kwenu, anazitazama upya.

Kisha punguza madhara. Chumvi nyingi iko kwenye kile kipakiti kidogo. Tia nusu, au theluthi. Ongeza yai na mchicha au karoti. Mtu mzima anashauriwa asizidi gramu 5 za chumvi kwa siku, na mtoto chini ya hapo, kwa hiyo nusu hiyo ina maana kubwa.

Majarini si siagi?

Watoto wetu wengi wanaita "siagi" kile cha kopo. Majarini ilibuniwa Ufaransa mwaka 1869 na Hippolyte Mège-Mouriès kama siagi ya bei nafuu, na siku hizi hutengenezwa kwa mafuta ya mimea. Siagi inatoka kwenye maziwa. Tia malai kwenye chupa safi ya plastiki yenye mdomo mpana, funga, mpokezane kuitikisa kwa dakika kumi au kumi na tano mpaka bonge litengane na maji. Darasa langu huimba wakitikisa. Sisemi majarini iondoke mezani, kwani nyingi zimeongezwa vitamini A na bei yake inafikika. Nataka mtoto ajue anakula nini.

Pakiti ina katuni, na dukani analia.

Katuni iliwekwa kwa ajili yake, na ana haki ya kujua hivyo. Mwambie kwa upole, "Aliyeuza alijua watoto wanapenda simba. Simba huyu anakula humu ndani?" Chile iliona jambo hili ni zito hata tangu mwaka 2016 ikapiga marufuku katuni kwenye vyakula vya watoto vyenye sukari, chumvi au mafuta kupita kiwango, na kuvipiga chapa nyeusi ya pembe nane. Sisi bado tunategemea mzazi aliyesimama dukani kwa Mangi na mtoto amemshika kanga.

Kabla ya kuingia dukani, si mkiwa ndani, kubalianeni mnanunua nini. Akilia, mbebe, mwende. Maelezo yangoje nyumbani, mtoto anayelia hasikii.

Bibi yake anampa biskuti na soda kila tukienda.

Bibi anatoa upendo kwa kitu kilichokuwa adimu alipokuwa akilea. Ukimkosoa mbele ya mjukuu umekosa adabu, na mtoto atachagua upande, hautakuwa wako. Mpe bibi nafasi iliyo yake: "Shikamoo mama. Mjukuu wako anataka kujua mlikuwa mnafanyaje udaga. Mimi nimeshindwa kumweleza." Jumamosi ijayo watakuwa wote wawili uani na muhogo. Bibi mmoja aliwahi kuja darasani kwetu akafundisha kashata, sukari na yote, na watoto walijua kila kilichomo. Soda moja kwa mwezi nyumbani kwa bibi mimi singeigombania.

Mandazi ya nyumbani si afadhali kuliko biskuti?

Yana viambato vichache na unavijua. Ni kweli. Lakini unga mweupe uliokaangwa kwenye mafuta yaliyorudiwa mara tano, pamoja na sukari, si chakula cha kila asubuhi kwa sababu tu umekipika wewe. Watoto wanalielewa hili vizuri kuliko sisi. Viazi vitamu, muhogo au mahindi ya kuchemsha, yai, ndizi: haya yanakwenda shuleni bila shida na hayagharimu zaidi ya pakiti mbili za kripsi.

Uji wa lishe wa kujitengenezea ni salama zaidi kuliko wa pakiti?

Si lazima, na hapa naomba msikilize kwa makini. Mahindi na karanga zisipokaushwa vizuri huota ukungu unaotoa sumukuvu, ambayo huioni, huinusi, na kupika hakuiondoi. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya watu 317 waliugua kwa mahindi yenye sumukuvu na 125 wakafa. Mahindi yale hayakuwa ya kiwandani. Mwaka 2016 ikaja kwetu, Dodoma na Manyara.

Kwa hiyo chagueni nafaka moja au mbili, zilizokauka vizuri, zisizo na punje nyeusi wala zilizosinyaa, na karanga zichambuliwe moja moja. Kazi hiyo mpe mtoto, vidole vyake vidogo vina jicho kali. Kuchanganya nafaka saba hakuongezi lishe mara saba. Kunaongeza mahali pa ukungu kujificha. Ukinunua wa pakiti, tafuta alama ya shirika la viwango, yaani TBS, au KEBS kwa walio Kenya, na tarehe.

Rangi zinamfanya mtoto awe mtundu?

Utafiti wa Southampton, Uingereza, wa mwaka 2007 uliona watoto waliokunywa mchanganyiko wa rangi fulani pamoja na kihifadhi wakichangamka kupita kawaida, ingawa si wote. Tangu mwaka 2010 Umoja wa Ulaya unataka chakula chenye rangi sita hizo, tatrazini ya E102 ikiwamo, kiwe na onyo kwamba huenda kikaathiri utulivu na usikivu wa watoto. Mimi mwenyewe naona sherehe ya kuzaliwa ina kelele, wageni na muziki, kwa hiyo siwezi kuilaumu keki peke yake.

Mtoto anaweza kusoma lebo?

Wa darasa la kwanza au la pili anaweza. Kanuni ni moja: viambato hupangwa kuanzia kilicho kingi. Sukari ikiwa ya kwanza au ya pili, ameshajua. Sukari ina majina mengi, kama vile glukosi, sharubati ya mahindi, dekstrosi, na kuyawinda ni mchezo. Wa miaka minne ahesabu mistari tu.

Je, aliye chini ya miaka 2?

Huyu haelezwi, analindwa. Maziwa ya mama peke yake hadi miezi 6, kisha chakula cha nyumbani kilicholainishwa huku akiendelea kunyonya mpaka miaka 2 au zaidi. Asipewe soda wala vinywaji vitamu vya aina yoyote. Asali isiguse mdomo wake kabla ya mwaka mmoja, kwa hatari ya botulizimu, ugonjwa wa sumu ya vijidudu unaopoozesha mwili.

Sina muda wa haya yote.

Chagua la mashineni, au la vijiko tisa. Moja kwa mwezi linatosha.

Sasa mwanangu anawasema wenzake kwa vyakula vyao. Nimemharibu?

Hujamharibu, ila rekebisha haraka. Kuna nyumba ambayo biskuti ya shilingi mia ndiyo iliyopatikana asubuhi ile, kwa mama aliyetoka saa kumi na moja kwenda kazini. Mwambie mwanao, "Chakula cha mwenzako hatukisemi. Ukitaka, mwulize kama anapenda kuonja muhogo wako." Darasani kwangu hilo la pili ndilo lililofanya kazi. Siku hizi wakati wa mapumziko naona muhogo ukikatwa vipande vinne, na biskuti pia.